Pato na Faida katika Ufugaji Mdogo wa Ng'ombe wa Maziwa

Maneno "pato" na "faida" hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Katika ufugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa, kosa hilo laweza kumfanya mkulima amwuze ng'ombe mwenye manufaa, au amtunze yule anayemfilisi. Kwa hiyo yafaa tuyapambanue.

Tuchukue mfano wa kihamba cha Wachagga katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Hapo migomba na kahawa hustawi pamoja, na ng'ombe hulishwa zizini. Migomba humpa ng'ombe chakula, naye hurudisha samadi migombani.

Pato ni thamani ya vyote vitokavyo kwa ng'ombe, viuzwe au visiuzwe: maziwa, ndama na samadi. Gharama ni thamani ya vyote vilivyotumika. Faida ni kile kibakiacho baada ya gharama kutolewa katika pato.

Tuseme ng'ombe hutoa lita 10 kwa siku kwa wastani. 6 huuzwa na 4 hunywewa nyumbani. Bei ya lita ni shilingi 1,000, na gharama za siku ni shilingi 8,000. Ahesabuye fedha za sokoni tu ataona hasara ya shilingi 2,000. Ahesabuye maziwa yote ataona faida ya shilingi 2,000, hata kabla ya kuhesabu samadi.

Hata hivyo, hesabu ya siku moja haitoshi. Kwa kawaida ng'ombe hukamuliwa siku 305 hivi, kisha huachishwa kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa. Katika mfano wetu, faida ya siku 305 ni shilingi 610,000. Ikiwa siku 60 za ukavu hugharimu shilingi 5,000 kila moja, zitatoka shilingi 300,000, itabaki 310,000.

Wako wasemao kuwa kazi ya jamaa ni bure. Sivyo. Mama abebaye mzigo wa majani kutoka tambarare angeweza kuzitumia saa hizo kwa kazi nyingine. Twapendekeza hiyo iitwe "gharama isiyo taslimu", nayo iingizwe katika hesabu pamoja na "gharama taslimu" za pumba na dawa.

Maafisa ugani wakiyashika maneno haya kwa maana hizi, mkulima ataweza kujua kama ng'ombe wake anamlisha, au yeye ndiye anayemlisha ng'ombe.