Kijiko cha Chavua ya Nyuki

Asali haihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Tabora wala wa Kitui. Chavua bado ni ngeni kwa wengi, ingawa hutoka katika mzinga uleule. Mfugaji huweka mlangoni mwa mzinga wavu wenye matundu membamba. Nyuki anapojipenyeza, vidonge vya chavua alivyovibeba katika miguu yake ya nyuma hudondoka katika sinia lililo chini. Vidonge hivyo hukaushwa, kwa kuwa vikiwa vibichi huota ukungu upesi, kisha hutiwa katika chupa na kuuzwa kama chakula cha asili kiletacho afya.

Kwa nyuki, asali ni nguvu na chavua ni protini ya kulelea watoto wake. Kiasi hutegemea maua, lakini kwa wastani protini ni kama sehemu moja ya tano ya uzito. Hapo ndipo wauzaji hupata neno lao, “chakula kamili”. Hesabu ni rahisi: vijiko viwili vya chai, yaani gramu 10 hivi, vina protini ipatayo gramu 2, yai moja lina gramu 6. Isitoshe, punje ya chavua ina ukuta mgumu ambao tumbo la binadamu hulivunja kwa shida. Mama anayepunguza dagaa na maharage ya mtoto ili anunue chupa ya chavua amepata hasara mara mbili.

Ama kuhusu tiba, huko Marekani chavua iliwahi kuingia hata katika siasa. Seneta Tom Harkin wa Iowa, aliyeamini kuwa ilimwondolea mzio, alikuwa mstari wa mbele kutaka ianzishwe ofisi ya serikali ya kuchunguza tiba mbadala, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Imani ya seneta si ushahidi, lakini kutaka mambo yachunguzwe ni busara. Uchunguzi mmoja wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2015, uliwapa wanawake wenye saratani ya matiti, waliosumbuliwa na joto la ghafla mwilini, asali yenye chavua na, katika kipindi kingine, asali tupu. Wengi walisema wamepata nafuu. Walisema vivyo hivyo kwa asali tupu.

Hatari kubwa ni mzio wenyewe. Mtu mwenye pumu au mafua ya mzio, ambaye ndiye hasa anayeshawishiwa kuijaribu, ndiye anayepaswa kuiogopa zaidi. Kijiko cha kwanza chaweza kumletea vipele, uvimbe wa midomo na koo, kukosa pumzi na kushuka kwa shinikizo la damu. Hapo hakuna kusubiri: adrenalini huchomwa katika msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima.

Mwaka 2010 ziliripotiwa huko Marekani habari za mgonjwa aliyetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Baada ya kuanza kula chavua, kipimo chake cha INR, ambacho kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3, kilifika 7.1. Ni mgonjwa mmoja tu, lakini anayetumia dawa hiyo hana sababu ya kujiongezea mashaka.

Mtu mzima mwenye afya, asiye na mzio, akipenda kuionja, na aanze na punje mbili tatu, asiwe peke yake, tena asiwe mbali na kituo cha afya. Wajawazito na wanaonyonyesha waiache, na mtoto asiyetimiza mwaka asipewe kabisa.

Kwa wenzetu wa kliniki, ugumu upo katika swali. Mgonjwa akiulizwa, “Unatumia dawa nyingine?” hujibu kwa moyo safi kwamba hatumii, maana kwake chavua ni chakula. Aulizwe kwa majina: asali, chavua, mitishamba, unga wa mlonge, chai ya tangawizi. Chupa ikiwapo nyumbani, aje nayo siku ya kupima damu.