Si kila maficho humfaa kila mwindaji

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Sina haja ya kubishana nao, lakini methali hiyo haikumlenga mwindaji. Mkulima mwenye jembe baya huchelewa tu kumaliza ngwe yake, ilhali mwindaji aliyeketi mahali pasipofaa hurudi nyumbani mikono mitupu hata awe hodari namna gani. Kwake yeye, kuchagua mahali pa kujificha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni subira.

Msomaji mpenzi huenda akauliza: ni uwindaji upi huo, maadamu serikali ya Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977? Swali hilo ni la haki. Bunduki iliondoka, lakini windo halikwisha. Lililobaki ni windo la macho: la mpiga picha, la mwanafunzi anayehesabu ndege, la mgeni aliyetoka mbali ili amwone pomboo akiruka juu ya maji. Hawa nao ni wawindaji, na wengi wao huja katika pwani yetu ya kusini, wakapanda mashua Shimoni na kuvuka mkondo mwembamba hadi kisiwa cha Wasini.

Hoja yangu ni moja. Maficho mema hayapimwi kwa namna yanavyomfunika binadamu, bali kwa namna yanavyomwacha mnyama aendelee na shughuli zake kana kwamba hakuna mtu. Anayeisahau kanuni hiyo atapoteza fedha zake na windo lake. Na katika Wasini, ikisahauliwa, watakaopoteza zaidi ni wenyeji.

Tuanze na yale maficho ya kale kuliko yote, yaani dungu. Mkulima wa Kwale anayepakana na msitu wa Shimba Hills analijua vyema: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba, ambapo mlinzi hukesha akingojea nguruwe, nyani au ndovu. Wahindi wana dungu lao wanaloliita machan, nalo hufungwa juu ya mti. Mwingereza Jim Corbett, aliyesifika kwa kuwaua chui milia na chui waliokula watu nchini India, alikesha katika majukwaa hayo usiku mwingi. Uzeeni alihamia Nyeri, akafariki huko mwaka 1955. Lakini kabla ya hapo, Februari mwaka 1952, aliketi juu ya dungu la aina nyingine kabisa: hoteli ya Treetops, iliyojengwa mwaka 1932 juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Usiku huo alikuwa pamoja na Binti Mfalme Elizabeth, ambaye baba yake alifariki usiku ule ule, naye akarithi ufalme wa Uingereza. Hoteli hiyo iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa upya mwaka 1957. Huku kwetu pia palijengwa hoteli ya mbao ya namna hiyo ndani ya Shimba Hills, ikikabili bwawa la maji.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu inafunza jambo ambalo wachaguzi wengi wa maficho hawalitambui. Mwenye bunduki huyahitaji maficho mpaka dakika ile moja ya kufyatua risasi. Baada ya mshindo, wanyama wakitawanyika, yeye hajali, kwani amekwisha kupata alichokitaka. Mwindaji wa macho hana dakika ya namna hiyo. Anataka saa nzima, na anataka wanyama wale wale warejee kesho na kesho kutwa. Kwa hiyo maficho yake hayana budi kuwa bora kuliko ya mwenye bunduki.

Sasa, mtu achague nini? Ajiulize kwanza anachotaka kurudi nacho. Anayetaka kuwaona ndovu au palahala wa Shimba Hills, ambako ndiko peke yake nchini Kenya palahala wanakopatikana porini, atafaidika na dungu. Mnyama wa nchi kavu humtambua adui kwa pua, na harufu ya mtu aliye juu haishuki upesi kumfikia mnyama aliye chini. Pamoja na hayo, achunguze upepo. Kusi huvuma kutoka kusini, takriban Aprili hadi Septemba. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi. Dungu lililofaa wakati wa kaskazi laweza kuwa la bure wakati wa kusi, kwa sababu tu upepo umegeuka na kuipeleka harufu ya mtu moja kwa moja kwenye njia ya wanyama.

Anayewataka ndege wa ufuoni asijisumbue na dungu. Ndege hatumii pua kumtambua adui, bali macho, na kitu kilichosimama juu ya upeo humtisha. Huyu anahitaji kibanda kifupi cha makuti au hema dogo la turubai lenye rangi ya mahali penyewe. Ndani pawe na giza. Upande wa nyuma uzibwe kabisa, kwa maana mwanga ukipenya kutoka nyuma, kila mkono unaoinuliwa huonekana dirishani kama kivuli. Tundu la kuchungulia liwe dogo. Kuti lililolegea lifungwe, kwani likipigwa na upepo hupurukusha ndege kama mtu anayepunga mkono. Kuhusu nguzo, asikate mikoko. Watu wa Gazi, kaskazini mwa Msambweni, wamekuwa wakipata fedha tangu mwaka 2013 kwa kuihifadhi mikoko yao katika mradi wa Mikoko Pamoja. Itakuwa aibu kwa mpenda ndege kuuangusha mti ambao ndege wenyewe hulala juu yake.

La muhimu kuliko ujenzi ni maji. Katika pwani yetu tofauti baina ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvu hukaribia mita 4. Maji yakipwa, sululu, yangeyange na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hutawanyika katika tope na miamba, mbali na jicho. Yakianza kujaa, huwasukuma kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, mpaka wakakusanyika katika vijisehemu vichache vilivyosalia vikavu. Mwenye busara hujenga karibu na vijisehemu hivyo, akaingia mapema kabla ya maji kufika, akayaacha maji yenyewe yamletee windo. Asubuhi akae akiielekea magharibi, jioni mashariki, ili jua liwe mgongoni mwake. Wapiga picha wana hila nyingine: watu wawili huingia kibandani, mmoja akatoka na kwenda zake, na ndege hutulia wakidhani kwamba hatari imeondoka.

Kiti nacho kisidharauliwe. Nimewaona watu walionunua kamera za bei kubwa, kisha wakaketi juu ya jiwe. Baada ya nusu saa wakaanza kujigeuza, na ndege wakaruka. Mtu asiyeweza kukaa kimya hana maficho, hata akijengewa ngome.

Mpaka hapa nimezungumzia nchi kavu na ufuo. Lakini wageni wengi wa Wasini hawaji kwa ajili ya sululu. Wanakuja kumwona pomboo na matumbawe ya Kisite, na maficho yao ni mashua. Hapa ndipo kanuni ya mwindaji inapovunjwa kila mara mbele ya macho yetu.

Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara 4 ile ya hewani. Mashua yenye injini haiwezi kujificha kwa pomboo. Yeye huisikia kabla haijamwona. Kwa hiyo maficho ya baharini hayajengwi kwa makuti wala turubai. Ni tabia ya nahodha. Mashua inayokwenda mwendo mmoja, pole pole, ikikaa ubavuni mwa kundi bila kulikata katikati wala kulizuia mbele, pomboo huizoea kama wanavyouzoea mwamba. Ile inayogeuka ghafla na kuongeza mwendo kila pezi linapochomoza imeyatupa maficho yake baharini. Na zikiwa mashua tano zinafanya hivyo kulizunguka kundi lenye watoto, hilo si tazamo tena. Ni msako.

Ng'ambo ya mpaka, huko Kizimkazi kusini mwa Unguja, historia ya pomboo inafanana kwa kiasi na ya simba na ndovu wa bara. Hadi katikati ya miaka ya 1990 wavuvi wa huko waliwaua pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa. Utalii ulipokuja, pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko pomboo aliyekufa, na chusa ikawekwa chini. Ni habari njema. Lakini wageni wakaongezeka, mashua zikaongezeka, na watafiti waliowachunguza pomboo wa huko wakabaini kwamba wanaposongwa na mashua na waogeleaji hupunguza kupumzika na kula. Chusa imeondoka, ila mnyama bado anakimbia.

Yupo atakayesema kwamba kukimbia si kufa. Namwomba ayatazame yaliyotokea katika ghuba ya Shark Bay, Australia Magharibi. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba biashara ya utalii ilipoongezeka kutoka kampuni 1 hadi 2, idadi ya pomboo katika eneo hilo ilipungua kwa takriban asilimia 15. Kampuni 2 tu! Mnyama hakuuawa, alichoka, akahama.

Hatari hiyo ina uzito wa pekee kwa Wavumba wa Wasini na Mkwiro. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ilipoanzishwa katika miaka ya 1970, kilomita za mraba 28 za Kisite zilifungwa kabisa kwa uvuvi, na katika kilomita 11 za Mpunguti ukaruhusiwa uvuvi wa jadi peke yake. Wavuvi walipoteza sehemu ya bahari ya babu zao. Walichopata badala yake ni wageni: kazi ya unahodha na uongozaji, mlo wa kaa na samaki unaouzwa kisiwani, kiingilio cha njia ya mbao inayopita katika mikoko na matumbawe yaliyoinuka, kazi ambayo akina mama wa Wasini waliianzisha na kuisimamia wenyewe. Pomboo wakihama, watu hawa watakuwa wamepoteza mara mbili. Kwanza samaki, kisha wageni.

Najua kwamba nahodha ana shida yake. Mgeni amelipa, ana saa chache tu, na anataka pomboo upesi. Mashua ya jirani ikikimbia, naye hujiona mjinga kusubiri. Kwa sababu hiyo siwezi kumlaumu nahodha peke yake. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linalotoza ada ya kuingia hifadhini, lina wajibu wa kuhakikisha kwamba mashua hazilisongi kundi moja kwa wakati mmoja. Wenye hoteli za Diani wasiuze safari kwa kuahidi pomboo, kwa maana ahadi hiyo ndiyo humshika nahodha shingo. Na mgeni aambiwe kabla ya kupanda kwamba huenda akarudi bila kumwona pomboo hata mmoja, na kwamba nahodha anayepunguza mashine na kungoja ndiye fundi hasa anayestahili bahashishi kubwa.

Wala jambo hili si elimu ya kigeni inayoletwa Wasini kutoka Australia. Mvuvi wa malema hamfukuzi samaki. Hushusha lema lake karibu na mwamba, mahali samaki anapotafuta kivuli, kisha akaenda zake nyumbani. Mwenye uzio husimika fito zake ufuoni na kuyaachia maji yanayopwa kazi iliyobaki. Wote wawili wanajua tabia ya kiumbe wanachokitaka, njia yake na saa yake, nao hujiweka kando ya njia hiyo. Hiyo ndiyo elimu nzima ya maficho, na wazee wa Wasini waliimiliki kabla ya kamera kuvumbuliwa.

Kwa hiyo anayejiandaa kwenda kuwinda kwa macho asianze kwa kuuliza bei ya hema wala ukubwa wa mashua. Aulize mnyama anamtambua adui kwa pua, kwa jicho au kwa sikio. Aulize upepo unatoka wapi, jua liko upande gani, na maji yanajaa saa ngapi. Kisha aulize nani atakayemwongoza, na kama mtu huyo anajua kungoja. Akipata majibu, maficho yatajichagua yenyewe.