Kifafa, Nguruwe na Picha ya Ubongo Mbulu

Kila kinachoujeruhi ubongo huacha alama zake, ndiyo maana picha ya CT huweza kusomwa kama ushahidi. Mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa akavuta sumu ya kaboni monoksidi, akinusurika, huweza kuonyesha majeraha mawili yanayolingana, kushoto na kulia, ndani kabisa ya ubongo. Lava wa tegu wa nguruwe hawana mpangilio huo. Hukaa popote damu ilipowafikisha. Aliye hai huonekana kama kifuko cheusi cha maji chenye nukta nyeupe, ambayo ni kichwa chake. Aliyekufa zamani hubaki doa jeupe la chokaa. Alama za namna hii ndizo Dk. Andrea Winkler na wenzake walizozikuta kwa wagonjwa wa kifafa wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, kati ya wagonjwa 212 waliopigwa picha, karibu 18 katika kila 100 walikuwa nazo. Kwangu, uzito wa picha hizo unapita tiba ya mgonjwa mmoja mmoja: zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kifafa cha nyanda hizi ingeweza kuzuiwa nyumbani, chooni na kwenye banda.

Atakayepinga atasema doa la chokaa laweza kukaa kichwani bila kuleta kifafa. Ni kweli, na kwa sababu hiyo watafiti waliwapiga picha pia watu wasio na kifafa. Kwao alama hizo zilikuwa nadra. Tena upo ushahidi kutoka upande wa mifugo. Helena Ngowi na wenzake walikagua ndimi za nguruwe katika vijiji vya Mbulu, na mwaka 2004 wakaripoti kuwa takriban 17 katika kila 100 walikuwa na lava.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya anayesema, "Mimi sili kitimoto, hayanihusu." Nyama isiyoiva vizuri humpa mlaji tegu tumboni, si lava ubongoni. Hatari ya ubongo inatokana na mayai ya tegu huyo, yanayotoka na kinyesi cha binadamu na kufika kwenye mikono, mboga na maji. Mtoto ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuyameza kwa sababu jirani hana choo, au hakunawa kabla ya kupika.

Je, nguruwe wapigwe marufuku? Hapana, kwa kaya nyingi ni ada na sare za shule. Nguruwe hupata lava kwa kula kinyesi cha watu, hivyo afungiwe bandani. Jaribio la elimu ya afya lililofanyika Mbulu, likachapishwa mwaka 2008, lilipunguza maambukizi mapya kwa nguruwe, ingawa ujenzi wa vyoo haukubadilika kwa kiasi hicho.

Hata hivyo mashine ya CT bado inahitajika. Dawa za kuua lava huweza kusababisha uvimbe wanapokufa, na degedege likazidi. Mwenye madoa ya chokaa pekee hazihitaji. Anahitaji dawa za kifafa, kila siku, bila kukatiza. Tofauti hiyo haijulikani kwa kumtazama mgonjwa, kwa hiyo mwananchi wa Hanang au Mbulu anayeanguka kifafa akiwa mtu mzima apewe rufaa ya picha kabla hajaandikiwa dawa ya minyoo ya ubongo.