Mfarishi wa Mtoto Hupimwa kwa Beseni

Kila fundi cherehani wa Singida mjini ana kiroba chini ya meza yake. Ndani mna vipande vya vitenge, mabaki ya sare za harusi na za shule, vingine vidogo hata kwa kofia ya mtoto. Anayetaka kushona mfarishi wa viraka kwa mtoto anayetarajiwa hukimbilia kiroba hicho, kwa kuwa rangi zake zinavutia na bei ni ndogo. Mimi nashauri kiroba kiwe mahali pa pili. Pa kwanza ni sanduku la bibi wa mtoto, lenye kanga kuukuu.

Kanga iliyofuliwa kwa miaka mingi imekwisha kurudi na kuchuja kiasi cha kurudi na kuchuja. Nyuzi zake zimelainika, na ngozi ya kichanga inaipokea vizuri. Mama zetu walijua hilo walipokata kanga kuukuu kuwa nepi. Kitenge kipya bado kina wanga wa kiwandani na rangi ya ziada. Ukikishona kabla ya kukifua, ufuaji wa kwanza utaikunja kazi yako na kutia madoa kwenye viraka vya jirani. Kiloweke peke yake, kifue kwa sabuni, urudie mpaka maji yabaki meupe, kisha kipige pasi.

Sokoni pia kuna vitenge vya poliesta vinavyofanana kabisa na vya pamba. Chomoa nyuzi chache pembeni, uziwashe kwa kiberiti nje ya nyumba. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Hiyo irudishe kirobani, maana hainyonyi jasho wala mkojo.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni unene. Singida mjini ni nyanda za juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa usiku wa Juni na Julai una ukali wake. Mshonaji mwenye huruma hujaza pamba ya godoro katikati ya mfarishi akidhani anamkinga mtoto na baridi. Lakini mfarishi huu utakojolewa leo na kesho. Utafuliwa kwa mkono kwenye beseni, ukamuliwe na kuanikwa. Wakati wa kiangazi jua letu litaukausha, ila mvua zikianza, pamba ya ndani itabaki mbichi siku mbili, itajikusanya madonge na kutoa harufu. Weka tabaka moja tu la shuka kuukuu la pamba. Ukitaka kujua kama umefaulu, uloweshe, uukamue kwa mikono yako miwili, kisha jiulize kama mwanamke aliyejifungua wiki mbili zilizopita angeweza.

Kuhusu namna ya kushona, vitabu vingi hufundisha kukata miraba iliyo sawa, kuiunganisha safu kwa safu, ndipo uweke bitana. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye cherehani na vitambaa vya kutosha. Kwa anayeshona kwa mkono, mwenye vipande visivyolingana, napenda zaidi njia ya Wasiddi. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India. Wengi wa mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi wakiwa watumwa, baadhi yao kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wanawake wao katika jimbo la Karnataka hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi, ya wakubwa na ya watoto, na hawahitaji rula wala cherehani.

Kazi huanzia pembeni na kuishia katikati. Kwa mfarishi wa sentimita 90 kwa 90, kata kitambaa cha chini sentimita 94 kila upande, tandika shuka la ndani la sentimita 90 juu yake, kisha kunja pindo la sentimita 2 kuzunguka. Weka kiraka cha kwanza kwenye kona, kingo zake za nje zikiwa zimekunjwa, ukipige bandi kupita matabaka yote. Kiraka kinachofuata kinakunjwa ukingo na kulala juu ya ukingo mbichi wa kilichotangulia. Unazunguka hivyo ukielekea ndani, mstari kwa mstari, mpaka viraka vikutane katikati. Kwenye kona Wasiddi huweka vipande vidogo vya pembetatu vilivyokunjwa, wanavyoviita phula, maana yake maua. Kwao kawandi isiyo na maua hayo haijakamilika.

Uzuri wa njia hii ni kwamba bandi ileile inayoshika kiraka ndiyo inayoshika matabaka, kwa hiyo hakuna kinachohama kwenye beseni. Ukiacha sentimita moja na nusu kati ya mstari na mstari, mfarishi huo unadai kama mita 54 za mshono. Anza mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Valia subana, tumia uzi wa pamba, na mafundo yafiche kati ya matabaka. Usitie vifungo, shanga wala vipambo vya kung'aa, kwa sababu mtoto atavinyonya na vinaweza kumkaba. Hesabu sindano na pini kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kila siku.

Ukitaka na mto wa kuandamana na mfarishi huo, ni kazi fupi. Shona mfuko wa ndani wa marekani yenye ufumo mzito, urefu sentimita 50 na upana 35, uujaze sufi. Sufi ni nyepesi na nyuzi zake zina nta ya asili isiyopokea maji upesi. Zamani zilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea. Ila ukiifua mara kwa mara hukatika na kuwa madonge, kwa hiyo mfuko huo uanikwe juani tu. Juu yake vika foronya ya viraka, mgongo wake ukiwa vipande viwili vinavyopishana ili ivuliwe na kufuliwa bila zipu.

Mto huu ni wa mama, wa kuegemeza mkono anaponyonyesha. Usiwekwe chini ya kichwa cha mtoto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, na mahali anapolala pasiwe na mto, blanketi wala mfarishi, kwa sababu kitu laini kikimfunika pua hana nguvu ya kukisukuma. Baridi ya usiku ikabiliwe kwa nguo anazovaa. Mfarishi utandikwe mkekani mchana, akiwa macho na mtu yuko karibu.

Kwa hiyo siku ya kwenda kumwona mzazi, usiishie kumkabidhi furushi na kumpongeza. Kaa naye, umwambie wazi yeye na bibi wa mtoto: mto ni wa mkono wa mama, na mfarishi ni wa mchana.