Breki "Laini" na Hitilafu Inayofichwa na Neno: Istilahi za Kuchunguza Breki ya Mbele ya Pikipiki Yenye ABS katika Ufuko wa Rumonge

Ikisiri

Kazi ya fundi wa pikipiki huanza na maneno ya dereva. Makala haya yanaeleza jinsi neno moja, *laini*, linavyobeba hitilafu zisizopungua nne za breki ya mbele, na jinsi mfumo wa kuzuia gurudumu kufunga (ABS) unavyozidisha utata huo kwa kuwa una mahali ambapo hewa hujificha. Mazingira yanayozingatiwa ni Rumonge na ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hukutana katika gereji moja. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi za uchunguzi wa breki zijengwe juu ya vitenzi vinavyotaja kile ambacho mkono unakihisi.

1. Mteremko na lugha zake

Barabara ya Taifa namba 3 hutoka Bujumbura, huambaa na ziwa, ikapita Rumonge kwenye umbali wa kilomita zipatazo 75 na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Uso wa ziwa uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bururi, mlimani upande wa mashariki, uko juu ya mita 1,800. Dereva wa teksi-moto anayetoka Bururi kuja Rumonge akiwa na abiria nyuma hushuka zaidi ya mita 1,000 za kimo, na nishati yote ambayo haikumezwa na injini wala upepo hugeuka kuwa joto katika breki. Katika mteremko wa namna hiyo, leva ya breki ya mbele ikibonyea hadi kugusa mshikio wa usukani, dereva hana muda wa kutafuta neno sahihi. Muda huo anao gerejini, siku moja kabla.

Gerejini humo Kiswahili si mgeni. Kilifika katika ufuko huu kwa biashara ya ziwa iliyouunganisha na Ujiji na Uvira, na kikaongezewa nguvu na Warundi waliorejea kutoka makambi ya wakimbizi nchini Tanzania. Kirundi kina *feri*, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa *frein*. Kiswahili kina *breki*, kutoka Kiingereza. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 inavitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi za nchi, huku Kiswahili kikifundishwa shuleni. Kwa hiyo, mtu mmoja aweza kujifunza ufundi kwa Kifaransa, kuagiza vipuri kwa Kiswahili na kumsikiliza mteja kwa Kirundi. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale tofauti muhimu iliyomo katika lugha moja inapopotea njiani kuelekea nyingine.

2. Neno moja, hitilafu nne

Kifaransa cha ufundi husema *frein mou* au *frein spongieux*. Usemi wa pili ni sahihi zaidi, kwa sababu sponji ina tabia mbili kwa pamoja: hubonyea, kisha hurudi. Kiswahili *breki laini* hakina habari hiyo ya kurudi. Tena *laini* katika Kiswahili mara nyingi ni sifa njema: kitambaa laini, unga laini, hata leva ya klachi iliyobadilishiwa waya husifiwa kuwa laini. Dereva asemaye "breki yangu laini" aweza kueleweka kuwa anasifu.

Utajiri wa Kiswahili uko katika vitenzi, na hapo ndipo pa kutafuta istilahi. Leva *inayobonyea* na kurudi, tena ikakaza kidogo ikibanwa haraka mara tatu au nne, inaashiria hewa ndani ya mfumo: kimiminika hakisindikiki kwa kiasi cha kuhisiwa na mkono, lakini hewa husindikika. Leva *inayozama* ni jambo lingine kabisa. Ikishikiliwa kwa nguvu ileile bila kuongeza, hushuka polepole kuelekea mshikio. Hapo kimiminika kinavuja nje, au kinapita pembeni ya mpira uliochakaa ndani ya silinda kuu (ile ambayo mafundi wengi huiita pampu ya breki). Mara chache, vali ya ABS isiyofunga barabara huleta dalili hiyohiyo. Kutoa hewa hakutaponya leva inayozama, hata kukirudiwa mara kumi.

Leva *inayokwenda mbali* ndiyo ile inayosafiri sana katika mbano wa kwanza, ikawa ngumu katika mbano wa pili. Mara nyingi kosa haliko katika kimiminika: diski iliyopinda au beringi ya gurudumu iliyolegea husukuma pedi nyuma kila gurudumu linapozunguka. Ya nne ni leva *inayolainika njiani*, ambayo asubuhi ni imara na katikati ya mteremko hulegea, kisha pikipiki ikipumzika hurejea hali yake. Hiyo ni dalili ya kimiminika kilichonywa unyevu. Kiwango cha DOT 4 hudai kichemke kwa nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi kikiwa kipya, lakini kikishanywa maji kiwango hicho kinaruhusu kiwe 155. Kikichemka hutoa mvuke, na mvuke husindikika kama hewa. Fundi anayeipokea pikipiki hiyo ikiwa imepoa hataona kosa lolote, na kama dereva hakutaja wakati, ataambiwa kwamba breki yake ni nzima.

Kuna hali nyingine isiyo hitilafu. Leva ikipigapiga chini ya vidole katika mbano mkali juu ya mchanga, huo ni mfumo wa ABS ukifanya kazi. Dereva asiyejulishwa huogopa na kuiachia, na kwa kufanya hivyo hupoteza breki wakati anapoihitaji zaidi.

3. Mahali hewa inapojificha

Pikipiki nyingi za kubeba abiria katika ukanda huu bado hazina ABS. Hata hivyo mkondo unaonekana. Tangu Aprili 2019, India, zinakotoka TVS na Bajaj, inadai ABS katika pikipiki mpya zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 125 zinazouzwa katika soko lake. Sheria hiyo haiwabani wanunuzi wa Burundi, lakini kiwanda kinachokidhi soko la nyumbani hakichelewi kupeleka mitambo hiyohiyo nje.

Katika breki ya kawaida ya diski, kimiminika hutoka silinda kuu, hupita katika mpira wa breki na kufika kwenye kalipa. Katika ABS hupita kwanza kwenye kisanduku cha vali. Vali ya kuingilia huwa wazi muda wote wa kawaida, na vali ya kutokea huwa imefungwa. Kitambuzi kikionyesha kwamba gurudumu linakaribia kufunga, kompyuta hufunga ya kwanza na kufungua ya pili. Kimiminika hukimbilia katika kihifadhi kidogo, kisha pampu ya umeme hukirudisha.

Matokeo yake kwa uchunguzi ni makubwa. Hewa iliyo nyuma ya vali ya kutokea iliyofungwa haihisiwi na mkono, na fundi anayetoa hewa kwa njia ya kawaida, kwa kubana leva na kulegeza skrubu ya kalipa, haifikii. Leva hutoka gerejini ikiwa ngumu. Siku ABS inapofanya kazi kwa mara ya kwanza, vali hufunguka, pampu huisukuma hewa hiyo katika njia kuu, na leva huanza kubonyea. Kwa hiyo swali lenye thamani kuliko yote ni "Ilianza baada ya nini?" Jibu likiwa "baada ya kupigapiga kwenye mchanga", mahali pa kutafuta panajulikana. Dawa ni kifaa cha uchunguzi kinachoziamuru vali na pampu kufanya kazi wakati hewa inatolewa, kwa utaratibu wa kitabu cha pikipiki husika.

Taa ya ABS haisaidii hapa. Hukagua umeme, vitambuzi na vali, haipimi hewa. Taa iliyozimika husema mfumo unajitambua, haisemi kwamba breki inashika, na kosa la kuchanganya mambo hayo mawili limo hata katika maelezo ya wauzaji.

4. *Mafuta* mengi mno

Rumonge ni mji wa mawese. Neno *mafuta* mjini humo hutaja yale yanayotoka katika michikichi, petroli, oili ya injini, na pia *mafuta ya breki*. Kifaransa hutenga *huile* na *liquide de frein*. Kiswahili cha mtaani kimeziunganisha. Hilo si suala la usanifu wa lugha tu. Kimiminika cha DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 si mafuta kwa maana ya kikemia, nayo mipira ya mfumo wa breki haistahimili oili ya madini: huvimba na kuharibika, na silinda huanza kuzama au kukwama. Mtu anayejazia "mafuta" katika kikopo cha breki kutoka chupa iliyo karibu ametii neno alilopewa.

*Maji ya breki* yangekuwa kosa baya zaidi, maana maji ndiyo adui wa kimiminika hiki. *Kiowevu cha breki* hakina mgongano huo. Kitaonekana kigeni kwa mwaka mmoja au miwili, kama ilivyokuwa kwa istilahi nyingine ambazo leo hazishangazi mtu. Tahadhari iongezwe kuhusu DOT 5, ambayo licha ya jina lake kufanana na DOT 5.1 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine na kwa kawaida haifai katika ABS.

5. Daftari la gereji

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wizara zinazosimamia mafunzo ya ufundi hazihitaji kusubiri kamusi kamili ya pikipiki. Vitenzi vinne, *kubonyea, kuzama, kwenda mbali, kulainika njiani*, pamoja na *kiowevu cha breki*, vyatosha kuanzia, mradi kila kimoja kiwekwe sambamba na Kirundi na Kifaransa chake na kijaribiwe na mafundi wenyewe kabla ya kuchapishwa. Palipo na neno la gerejini linalobainisha vyema kuliko pendekezo la wataalamu, neno la gerejini litangulie.

Faida yake huonekana pikipiki inapobadili mikono. Fundi wa Rumonge asiye na kifaa cha uchunguzi atalazimika kuituma Bujumbura, na hiyo isafirishwe juu ya gari, isiendeshwe. Akiandika katika karatasi "breki laini", mwenzake ataanza upya, pengine kwa kumuuzia mteja silinda kuu asiyoihitaji. Akiandika "inabonyea, haizami, ilianza baada ya ABS kufanya kazi mchangani, hewa imetolewa kwenye kalipa mara mbili", mwenzake ataunganisha kifaa kwanza.