Biti na Baiti: Hesabu ya Kasi Kutoka Mkongoni Hadi Diskini

Mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari huko Murungu, kwenye nyanda za juu za Kibondo, akitaka kuwapatia wanafunzi wake wa Kidato cha Nne masomo ya video, atakutana na namba mbili. Ya kwanza ni ya kampuni ya simu: kasi ya njia ni Mb 2 kwa sekunde. Ya pili imeandikwa kando ya masomo yenyewe: GB 16. Namba hizo zafanana kwa sura, lakini hazipimi kitu kimoja. Herufi b ndogo ni biti. B kubwa ni baiti. Asiyetambua tofauti hiyo atagawa 16,000 kwa 2, apate sekunde 8,000, yaani saa mbili na dakika 13. Iwapo umeme umekatika, atanunua petroli ya kuendeshea jenereta kwa saa tatu, akidhani amejiwekea na akiba.

Saa hizo tatu zikiisha atakuwa amepokea GB 2.7 tu, karibu sehemu moja ya sita ya alichokitaka. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo GB 16 ni gigabiti 128, nazo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde zahitaji sekunde 64,000, yapata saa 18. Na hapo haijahesabiwa ile sehemu ya njia inayochukuliwa na anwani na ukaguzi wa makosa.

Mafundi wa simu na mafundi wa kompyuta hawakukusudia kumchanganya mtu. Wa kwanza walirithi kazi ya telegrafu, ambamo ishara hupita moja moja katika waya. Kwao lililo muhimu ni ishara ngapi zapita kwa sekunde. Wa pili walikuwa na kazi ya kutunza herufi na namba, wakahitaji fungu la biti lenye kutosha herufi moja. Fungu la biti 8 lilienea hasa baada ya kampuni ya IBM kutangaza kompyuta zake za System/360 mwaka 1964.

Katika simu za kidijiti, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hivyo mazungumzo ya mtu mmoja ni biti 64,000 kwa sekunde. Nafasi 32 za namna hiyo zikiunganishwa, 30 za sauti na mbili za kupanga na kuongoza, hupatikana njia iitwayo E1, yenye kasi ya kilobiti 2,048 kwa sekunde. Hapa mwanafunzi aliyezoea kompyuta hutegwa. Akiiona 2,048 hudhani kilo hiyo ni ya 1,024. Sivyo: ni 32 mara 64 tu, na kilo yake ni 1,000 kamili. Kwa baiti, njia hiyo hupitisha 256,000 kwa sekunde.

Ile kilo ya 1,024 hutumika kwenye kumbukumbu za kompyuta, kwa kuwa ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi ikatokea mara kumi. Wakulima wa maharage wa Kasulu watauelewa upesi utata wake, maana wanalijua gunia la lumbesa: jina ni gunia, ujazo ni mwingine. Tena lumbesa hii hukua kila ngazi. Kwenye kilo ziada ni asilimia 2.4, kwenye mega 4.9, kwenye giga 7.4, na kwenye tera karibu 10. Ndiyo sababu diski iliyouzwa kwa jina la terabaiti 1 huonekana kuwa na 931 tu katika kompyuta zinazogawa kwa 1,024. Muuzaji hakuiba kitu. Mwezi Desemba 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme iliidhinisha majina mapya, kibibaiti na mebibaiti, ili kumaliza ugomvi huo. Lakini majina hayo hayajazoeleka madukani.

Ugumu ulio mkubwa zaidi umo katika waya wa diski. Biti sifuri nyingi zikifuatana, mpokeaji hupoteza hesabu ya muda. Kwa hiyo mwaka 1983 Widmer na Franaszek wa IBM walieleza mtindo wa kuivika kila baiti biti 10 badala ya 8, ili ishara zibadilike mara kwa mara. Kiunganishi cha diski cha SATA chenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde hufuata mtindo huo. Basi kasi yake hugawanywa kwa 10, si kwa 8, na jibu ni megabaiti 600 kwa sekunde, si 750. Etheneti ya gigabiti 1 katika nyuzi za mwanga hutumia mtindo ule ule, lakini hupitisha ishara bilioni 1.25 kwa sekunde na kujiita gigabiti 1. Watu wa diski hutaja kasi kabla ya makato. Watu wa mitandao, baada ya makato. Ni sawa na kulinganisha mshahara ghafi wa mmoja na wa mkononi wa mwingine.

Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na Mkongo wa Taifa hupeleka mawasiliano bara. Hata hivyo Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 bila kupanda nyanda za Kasulu na Kibondo, ingali mshindani. Diski ya terabaiti 1 ikisafirishwa kwa treni kwa siku mbili, ni sawa na njia ya megabiti 46 kwa sekunde. Kwa njia ya megabiti 2, mzigo huo huo ungechukua siku 46. Kisha diski yapaswa kunakiliwa: kwa USB 2.0, ya megabiti 480 kwa sekunde, zisingepungua saa nne na nusu, na petroli ya saa hizo nayo ihesabiwe.