USARF na Lugha ya Mshikamano: Chama cha Wanafunzi wa Dar es Salaam, 1967–1970

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi huingia mji wa Nakuru kwa kupitia Free Area. Ni mtaa wa watu wa makabila mengi, na lugha inayowakutanisha sokoni, kituoni na ndani ya matatu ni Kiswahili. Jina la mtaa, hata hivyo, ni la Kiingereza; likifasiriwa litakuwa "eneo huru". Fasiri hiyo yatukumbusha msamiati wa zama nyingine, yaani "maeneo yaliyokombolewa", jina walilopewa wilaya za kaskazini mwa Msumbiji zilizotwaliwa na FRELIMO kutoka kwa Wareno. Mwaka 1968 kundi dogo la wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam lilikwenda kuyaona maeneo hayo kwa macho.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya chama cha wanafunzi hao, kisha kuuliza swali linalotuhusu sisi walimu wa lugha: chama kilichotaka kushikamana na wanyonge wa dunia kilisema nao kwa lugha gani?

2. Kuzaliwa kwa chama

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa kufundisha sheria, na mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kwa sababu hiyo madarasa yake yalichanganya vijana wa nchi zote tatu, na wengine kutoka mbali zaidi. Mwaka huo huo wa 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na kuiweka Dar es Salaam. Hivyo mwanafunzi aliyeteremka kutoka Mlimani angeweza kukutana mjini na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, wanafunzi wengi hawakulipokea kwa moyo mmoja. Miezi michache tu kabla yake, Oktoba 1966, mamia yao walikuwa wamefukuzwa kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wale wachache waliolikubali Azimio, tena wakaona kuwa halikwenda mbali vya kutosha, ndio walioanzisha mwaka 1967 chama kilichoitwa University Students' African Revolutionary Front, kwa kifupi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Miongoni mwa waliohusika nacho walikuwamo Issa Shivji, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji wa Tanzania, na John Garang wa Sudan. Walter Rodney wa Guyana, mwalimu wa historia, alikuwa karibu nao sana.

3. Kazi zake

Kazi za chama zilikuwa za namna tatu. Kwanza, masomo ya itikadi yaliyofanywa siku za Jumapili, ambapo vitabu visivyofundishwa darasani vilisomwa na kujadiliwa. Pili, kuwaalika wageni waje wahutubie. Stokely Carmichael wa Marekani na C.L.R. James wa Trinidad walisikika Mlimani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatu, vitendo. Mwaka 1968 wanachama waliizuia sherehe ambayo wanafunzi, kwa kuiga vyuo vya Uingereza, walivaa matambara na kuzunguka mjini wakiomba fedha za maskini. Hoja ya USARF ilikuwa kwamba sherehe hiyo inaufanyia mzaha umaskini wenyewe.

4. Jarida na lugha yake

Novemba 1969 chama, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, kilitoa jarida lililopigwa chapa kwa stensili. Liliitwa Cheche. Ndani yake zilitoka makala za Rodney, na Septemba 1970 toleo maalumu lilibeba uchambuzi wa Shivji kuhusu mapambano ya matabaka nchini Tanzania.

Hapa ndipo penye fundo. Jina la jarida lilikuwa la Kiswahili, lakini makala zake, kwa sehemu kubwa kabisa, zilikuwa za Kiingereza. Tusiwalaumu waandishi upesi. Mwanafunzi wa Malawi au Sudan hakukijua Kiswahili, na hoja zilikusudiwa zisomwe hata nje ya Afrika. Hata hivyo hasara ilikuwapo. Mfanyakazi wa bandarini na mkulima, ambao unyonyaji wao ulichambuliwa kurasa kwa kurasa, hawakuweza kusoma waliyoandikiwa.

Neno "mshikamano" lenyewe linatufunza. Limejengwa juu ya shina la "shika", likaongezwa kiambishi -am- kinachoonyesha hali ya kudumu, kisha -an- cha kutendana. Ni kushikana kunakodumu, na kila upande unashika. Anayesemewa kwa lugha asiyoielewa ameshikwa, lakini hajashika.

5. Kupigwa marufuku

Novemba 1970 serikali ilikipiga marufuku chama pamoja na jarida. Waliokuwamo wameeleza sababu walizopewa: kwamba Umoja wa Vijana wa TANU watosha, na kwamba jina la Cheche ni mwangwi wa itikadi ya kigeni, kwa kuwa gazeti la Lenin lililoanza mwaka 1900 liliitwa Iskra, yaani cheche. Nkrumah naye alikuwa na gazeti la jina hilo huko Ghana. Basi neno la Kiswahili safi likashitakiwa kwa ugeni, ilhali Kiingereza kilichojaa ndani hakikushitakiwa na mtu. Januari 1971 Umoja wa Vijana ulitoa jarida jipya, MajiMaji, kwa jina la vita vya 1905–1907.

Mwaka huo huo wa 1970, chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, ndipo ilipoanzishwa Idara ya Kiswahili. Chama kilikufa pale pale ilipozaliwa idara ambayo ingeweza kukipa lugha.

6. Hitimisho

Historia hii haijaisha faida. Katika vyuo vya Bonde la Ufa, Egerton pale Njoro kikiwa kimojawapo, wanafunzi wangali wanaunda vyama vya urafiki na kubadilishana wageni. Yafaa idara zetu ziwasaidie kuandika katiba, kumbukumbu za mikutano na majarida yao kwa Kiswahili, ili mwenye duka wa Free Area naye aweze kusoma na kujibu. Kwamba jambo hili lawezekana hata katika baraza la mataifa, alituonyesha Joaquim Chissano, mpiganaji wa FRELIMO aliyepata kuishi Dar es Salaam. Mwaka 2004 aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na wakalimani wakakutwa hawakujiandaa.